KAZI ZA MIKONO: Habari za Nati Nane za Propela

Mwezi huu tumepata barua ya kijana mmoja, asema ya kwamba yeye na ndugu yake wameanza kulitengeneza gari la kale la Land Rover waliloachiwa na baba yao, nalo limekaa chini ya mwembe miaka mingi. Atuuliza hivi: "Tulizifungua bolti za propela tupate kuitoa gia boksi. Sasa twataka kuzirudisha. Je, yatosha kukaza kwa nguvu, au iko kanuni yake?" Twamshukuru kwa swali hili, maana si wengi waulizao kabla ya kukaza; wengi huuliza baada ya chuma kuanguka njiani. Sisi wenyewe tulikuwa katika hao wa nyuma, nasi tutaieleza aibu yetu hapa bila kuificha, ili ipate kumfaa mwingine.

Kwanza yapasa kujua propela ni kitu gani. Ni ule mti wa chuma ulalao chini ya gari, uzungukao, na kazi yake ni kuchukua nguvu ya injini kutoka gia boksi na kuipeleka kwenye difu, ndipo magurudumu yageuke. Walakini difu haikai mahali pamoja. Gari likipita shimoni, au likipakiwa magunia, springi hupanda na kushuka, na difu hupanda na kushuka pamoja nazo. Kwa hiyo propela haiwezi kuwa fimbo moja iliyonyoka. Imepewa krosi mbili, moja kila mwisho, zipate kujipinda. Tena katikati iko sehemu moja iingiayo ndani ya nyingine, ipate kurefuka na kufupika. Kila mwisho una kisahani cha chuma, ambacho mafundi hukiita flanji, nacho hukutana uso kwa uso na flanji ya mwenzake. Huku bolti nne na nati nne, na huko bolti nne na nati nne. Jumla yake nane. Katika nane hizo imefungwa safari yote.

Na katika Land Rover za kale liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka wa 1948, na yale yaitwayo Series I, II, IIA na III yaliendelea kutengenezwa hata mwaka wa 1985. Katika magari hayo breki ya mkono haishiki magurudumu. Ngoma yake imewekwa nyuma ya gia boksi, pale propela ya nyuma inapoanzia, nayo huishika propela isizunguke. Propela ikishikwa, magurudumu ya nyuma hushikwa. Ni ufundi mzuri, wala hatuulaumu. Lakini mtu na afikiri: propela ikianguka, breki ya mkono itashika nini? Haitashika kitu. Mara moja gari litakuwa limepoteza mwendo wake na kizuizi chake pia.

Sasa tueleze yaliyotupata. Jirani yetu mmoja hapa Gando, mzee wa watu na mwenye heshima zake, alikuwa na Land Rover ya Series IIA. Katika msimu wa karafuu gari hilo lilipeleka magunia Wete, na siku nyingine lilichukua wagonjwa, kwa kuwa mzee yule hakuwa mtu wa kumnyima jirani. Ikawa sili ya gia boksi imeoza na mafuta yamwagika. Sisi, watu watatu tuliojihesabu kuwa mafundi, tukajitolea kuitengeneza. Tukafungua propela asubuhi, tukabadili sili, hata magharibi inaingia tukaanza kuirudisha. Tulikuwa tumezitia bolti mchangani juu ya kipande cha gunia. Tulipozikusanya tuliona sita tu. Mbili tulizitafuta kwa taa hata tukachoka, hatukuziona.

Basi tukatazama katika kopo la vyuma vya zamani, tukapata bolti mbili nyembamba kidogo, za milimita 8, ambazo zilipenya katika matundu bila kushindana. Tukafurahi kwa kuwa zilipenya, na tuliyoyafurahia ndiyo yaliyotuponza. Tena mmoja wetu, kwa kupenda uzuri, alikuwa amezipaka rangi nyuso zote mbili za flanji zisishike kutu. Tukakaza, tukanawa mikono. Mzee akatuuliza, "Wanangu, bolti zote zimerudi?" Tukamjibu, "Zimerudi, Mzee." Hakuuliza zaidi, maana alituamini.

Asubuhi tukapakia magunia sita, tukaenda naye. Njiani tulisikia mlio chini ya gari, gu, gu, gu, nasi tukasema ni ubaya wa barabara. Tulipokuwa tukipanda mlima mmoja wa njia ya Wete, ulisikika mshindo mkubwa, injini ikavuma, na gari halikwenda tena. Propela ilikuwa imeachana na difu, imeanguka chini upande mmoja. Dereva akakanyaga breki ya mguu, gari likasimama. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu, akainua mguu, akashuka kutazama. Hapo gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, polepole kwanza, kisha kwa kasi, na nyuma yetu alikuwako mtoto aliyekuwa akienda chuoni na kitabu chake kifuani. Mmoja wetu alimrukia yule mtoto akaanguka naye mtaroni. Gari lilipita, likagota ukingo wa udongo, likakaa. Mtoto alichubuka goti tu. Kitabu chake kilitota matope. Hatukuweza kusema neno kwa muda mrefu.

Baadaye tulitaka kujua sababu, na tumezisoma na kuziuliza kwa mafundi wenye elimu kuliko sisi. Twawaeleza.

Watu wengi hudhani ya kwamba bolti za propela ni kama kucha zizuiazo kisahani kimoja kisiteleze juu ya mwenziwe. Sivyo hasa. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama kamba inayovutwa. Nayo kwa kutaka kurudi hali yake huzibana flanji mbili pamoja. Nyuso zile zikibanwa hushikana kwa mkwaruzo wao, na mshikano huo ndio uchukuao nguvu ya injini. Wavuvi wa Gando wanajua jambo hili bila kusoma kitabu. Kamba iliyofunga matengo ya ngalawa, ikikazwa sawasawa, haisogei, kwa hiyo hailiki. Ikilegea kidogo, kila wimbi huisugua, hata ikajikata yenyewe. Si wimbi lililoikata. Ni kule kulegea kwake. Na bolti ni vivyo hivyo. Ikibana haisogei, na isiposogea hudumu. Ikilegea husuguliwa, hupigwa huku na huku, mwisho hukatika.

Bolti zetu mbili za milimita 8 zilikuwa ndani ya matundu ya inchi 3/8, yaani karibu milimita 9 na nusu. Zilicheza humo. Na ile rangi tuliyopaka ikapondeka kati ya nyuso kwa joto na mtikisiko. Iliposagika, bolti zote nne za upande ule zikapoteza mvuto wao, hata zile mbili zilizo halali. Hivyo ule mlio wa gu, gu, gu ulikuwa sauti yake, nasi tulikuwa na masikio tusisikie. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtu aweza kusema, "Lakini mlitia washa za springi, kwa nini nati zilifunguka?" Sisi nasi tuliuliza hivyo. Mwaka wa 1969 Mjerumani mmoja, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio ya mashine ya kwamba nati hufunguka upesi zaidi vyuma vilivyobanwa vinapoteleza kwa upande, huku na huku; na kwa mtikisiko wa namna hiyo washa ya springi husaidia kidogo tu. Yaani kinga ya kwanza ni kubana sawasawa hata nyuso zisiteleze. Kufuli ya nati ni kinga ya pili, wala haiwezi kuwa badala ya ile ya kwanza.

Liko na jambo la hesi, yaani ile mistari izungukayo shina la bolti. Hesi si za namna moja, ijapokuwa bolti zaonekana ndugu. Mwaka wa 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kanuni ya hesi zenye pembe ya digrii 55, nazo zilienea katika mashine za Kiingereza. Mwaka wa 1948, mwaka ule ule wa kuonyeshwa Land Rover, Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kanuni moja yenye pembe ya digrii 60. Kwa hiyo magari ya miaka ya mwanzo yana hesi nyingi za namna ya kale, na ya baadaye yana za namna mpya, na katika gari moja waweza kuzikuta zote mbili. Bolti ya inchi 3/8 ya namna ya kale iliyo nyembamba hesi zake, iitwayo BSF, ina mistari 20 katika inchi moja. Ile mpya, iitwayo UNF, ina 24. Hizo hazipatani, na mtu hutambua upesi. Hatari ipo katika zile za hesi pana, maana ya kale na mpya zote zina mistari 16, ila pembe zake si sawa. Nati ya hii huingia katika bolti ya ile, ikamdanganya mtu, kumbe imeshika nusu tu. Na bolti za milimita ni kabila jingine kabisa. Ya milimita 10 haipenyi katika tundu la inchi 3/8. Ya milimita 8 hupenya, na ndiyo iliyotuaibisha.

Basi kijana wetu na ashike kanuni hizi, nasi tumezipanga kwa utaratibu wa kazi.

Kwanza, kabla ya kugusa nati hata moja, atie mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Asitegemee breki ya mkono, kwa sababu tuliyoieleza. Mara atakapoifungua propela ya nyuma, breki hiyo imekwisha kazi.

Pili, kabla ya kuachanisha flanji, apige alama kwa patasi au rangi ukingoni mwa zote mbili, zipate kurudi kama zilivyokuwa. Na ikiwa ataichomoa ile sehemu ya katikati, atazame mishale iliyogongwa juu ya chuma. Mshale na uelekee mshale. Krosi moja ikijipinda, mwendo wa propela hauwi sawa, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili ikikaa sawa na ya kwanza huusahihisha mwendo huo. Sehemu hizo zikirudishwa kombo, mtikisiko hauondoki, nao ndio mwanzo wa kulegea nati zote.

Tatu, bolti zisiwekwe mchangani. Ziwekwe katika kopo, kila moja na nati yake, na zihesabiwe mbele ya mtu wa pili. Kisha zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe. Azilaze nane zote juu ya ubao, azilinganishe. Ile iliyo ndefu kuliko wenzake imevutika kupita kiasi. Ile yenye kiuno chembamba, au yenye alama ya kusuguliwa shinani, imekwisha. Hapa kwetu hewa ni ya chumvi, na kutu hula mashina mahali pasipoonekana. Nati na ipite kwa vidole juu ya hesi zote. Ikikwama, bolti hiyo isirudi. Ni nafuu kununua mpya kuliko kuchimba mtu katika mtaro.

Nne, akinunua mpya asitazame unene peke yake. Atazame na alama ya kichwani, maana ndiyo inayoonyesha nguvu ya chuma. Bolti za milimita huandikwa namba, kama 8.8 au 10.9, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chuma kinavyokuwa na nguvu. Zile za UNF nyingi huwa na mistari midogo kichwani. Mitatu ni chuma cha nguvu, sita ni zaidi. Bolti isiyo na alama yo yote yafaa kwa kitanda au mlango, haifai kwa propela.

Tano, nyuso za flanji zisafishwe hata chuma king'ae. Kusiwe rangi, wala kutu, wala grisi, wala mchanga. Apitishe kidole ukingoni, asikie kama pana kinundu kilichoinuliwa na nyundo. Kikiwapo, akipige tupa. Kiduara kilichoinuka katikati ya flanji moja lazima kiingie sawasawa katika kishimo cha mwenzake kabla ya kukaza. Asizivute flanji zikutane kwa nguvu za bolti.

Sita, nati zote nne ziingizwe kwanza kwa vidole. Kisha zikazwe kwa kuvuka, hii na ile iliyo mkabala wake, kidogo kidogo, kwa zamu mbili au tatu. Zamu ya mwisho iwe kwa spana ya kipimo, kwa hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha gari lile. Na asitie mafuta katika hesi kama kitabu hakikusema, maana hesi zenye mafuta huteleza, na kwa kipimo kile kile bolti huvutwa kupita kadiri. Asiyekuwa na spana ya kipimo na aiazime. Mkono wa mtu mwenye haraka haupimi vizuri.

Saba, kufuli. Nati yenye pete ya nailoni ndani yake hutumika mara moja. Ikifunguliwa, itiwe mpya. Nati yenye meno kama taji, kama ile kubwa ya katikati ishikayo flanji kwenye difu, hufungwa kwa pini ya miguu miwili. Tundu lisipoelekea pengo la taji, nati isogezwe mbele hata lielekee. Isirudishwe nyuma kamwe. Pini nayo iwe mpya. Na baada ya kukaza, mwisho wa bolti utokeze nje ya nati, japo mstari mmoja au miwili ya hesi.

Nane, apige mstari mwembamba wa rangi kutoka nati hata flanji. Kisha aende mwendo mfupi, kama kutoka Gando hata Wete na kurudi, atie mawe magurudumuni, aingie chini atazame. Mstari ukikatika, nati imesogea. Na atazame tena baada ya juma moja.

Neno la mwisho kwa wenye magari haya: propela ya nyuma ikianguka mlimani, kanyaga breki ya mguu wala usiinue, umwite mtu atie mawe. Ikiwa propela ya mbele i nzima, na vitovu vya mbele vimefungwa, ukitia mwendo wa magurudumu manne breki ya mkono hushika kwa njia ya mbele. Lakini mawe kwanza.

Watu wengine husema magari haya ni vyuma vya jana, yaachwe yaoze. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024 yalikusanyika Arusha magari ya Land Rover kwa mamia, ya kale kwa mapya, nayo yalifika kwa miguu yake. Gari la kale likifungwa kwa haki hutumika. Likifungwa kwa hila hudhuru, na asiye na hatia ndiye adhuriwaye kwanza.

Twamaliza kwa habari za mzee wetu. Siku ile hakutukemea. Tulimwendea jioni, tukakiri ya kwamba bolti hazikuwa zote, na ya kwamba tulimwambia uongo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama wa mtoto mwambieni ninyi wenyewe." Tukaenda, tukamwambia, na kitabu kipya tukakinunua. Bolti nane mpya zilipopatikana, mzee alitandika mkeka barazani, akasema, "Zihesabuni mbele yangu." Tukazihesabu, moja hata nane, kama watoto wa darasa la kwanza. Tangu siku ile hatujafunga propela ya mtu bila kuhesabu kwa sauti, na mwenye gari akisikia.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za krosi zenyewe, na namna ya kuzitia grisi. Kwaherini.